Bunduki Inayojipakia Yenyewe

Wazee wengi vijijini wanalijua gobori. Kulipakia ni kazi. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu. Unaweka kitambaa. Unashindilia kwa ufito wa chuma. Unatia marisaa, yaani vile vidonge vidogo vya risasi. Unashindilia tena. Mwisho unaweka fataki. Baada ya kazi yote hiyo unaweza kupiga mara moja tu. Ukimkosa nguruwe, hakungojei umalize kushindilia mara ya pili.

Sasa fikiri juu ya bunduki ya namna nyingine. Ukipiga, inatupa ganda tupu yenyewe. Inajipakia risasi nyingine yenyewe. Inafanya hivyo kabla hujapepesa macho. Kazi yako ni kuvuta kifyatulio tu, mara moja kwa kila risasi.

Bunduki hiyo ilianza kuuzwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nyingi za zamani bado zinatumika Marekani na Ulaya. Watu wamezirithi kwa baba na babu zao, nao wanakwenda nazo kuwinda bata. Ni bunduki imara. Lakini zina mambo yake ya ndani. Asiyeyajua huivunja bunduki yake mwenyewe. Wako pia waliokufa.

Kabla ya kuendelea, tukumbushane jambo moja. Hapa kwetu huruhusiwi kuwa na bunduki bila leseni, wala kuwinda bila kibali. Hapa tunaeleza chombo kinavyofanya kazi, na habari za watu waliokitengeneza na kukitumia huko kwao.

FUNDI HUYU NI NANI?

Jina lake ni John Moses Browning. Alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Ogden, jimbo la Utah, Marekani. Baba yake alikuwa fundi bunduki. Mtoto alikulia katikati ya nyundo, tupa na vyuma chakavu.

Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ilinunua haki ya kutengeneza bunduki aliyoibuni. Ilimlipa dola 8,000. Tangu hapo, kwa karibu miaka 20, Browning aliiuzia kampuni hiyo bunduki moja baada ya nyingine. Kila mara aliuza kwa namna moja. Alilipwa mara moja, basi. Kiwanda kikiuza bunduki elfu moja au laki moja, yeye hakupata senti ya ziada.

Alipomaliza kubuni bunduki inayojipakia, aliona kwamba hii si kama zile nyingine. Mwaka 1900 serikali ya Marekani ilimpa hati ya ubunifu. Hati hiyo inamkataza mtu mwingine kuiga kazi ya mbunifu bila ruhusa yake. Browning akaenda Winchester na kusema: safari hii siuzi kwa bei ya mara moja. Mnilipe kiasi fulani kwa kila bunduki mtakayouza.

Ni tofauti ya kumwuza ng'ombe sokoni na kumweka ukapata maziwa kila asubuhi. Mkubwa wa Winchester alikataa. Browning naye hakurudi nyuma.

Mwezi Januari 1902 alikwenda kwa kampuni nyingine, Remington. Aliketi ofisini akingoja kumwona mkuu wa kampuni, Bwana Marcellus Hartley. Alingoja, kisha akaletewa habari. Bwana Hartley amefariki dunia siku hiyo hiyo kwa ugonjwa wa moyo.

Browning akapanda meli kwenda Ubelgiji. Huko Herstal, karibu na mji wa Liège, palikuwa na kiwanda kinachoitwa Fabrique Nationale. Kiwanda hicho kilikuwa tayari kinatengeneza bastola yake. Mwezi Machi 1902 walikubaliana. Browning mwenyewe aliagiza bunduki 10,000 ili zikauzwe kwao Marekani. Zilinunuliwa haraka.

Baadaye Remington nao walipata ruhusa yake. Wakaanza kuitengeneza Marekani mwaka 1905. Ile yao ilikuja kuitwa Model 11. Waliitengeneza kwa zaidi ya miaka 40, na kufikia zaidi ya laki nane. Ile ya Ubelgiji ilikuja kuitwa Auto-5, kwa sababu inachukua risasi tano. Nne hukaa kwenye bomba lililo chini ya mtutu, na moja hukaa kwenye chemba. Chemba ni mahali risasi inapokaa tayari kwa kupigwa.

Ukiiona mara moja huisahau. Sanduku lake la mitambo limeinuka nyuma kama nundu ya ng'ombe wetu wa kienyeji.

NGUVU INATOKA WAPI?

Msomaji atauliza: bunduki haina injini wala betri. Nguvu ya kujipakia inaipata wapi?

Umewahi kuruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukoni? Wewe unakwenda mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Bunduki ni hivyo hivyo. Marisaa yakienda mbele, bunduki inarudi nyuma na kukusukuma begani. Kwa gobori msukumo huo unaishia kwenye bega lako. Browning aliona ni nguvu inayopotea bure. Akaipa kazi.

Katika bunduki yake mtutu haukufungwa moja kwa moja. Unaweza kuteleza. Ukipiga, mtutu unarudi nyuma pamoja na komeo. Komeo ni kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma. Vyote viwili vinarudi vikiwa vimeshikana, mwendo unaozidi urefu wa risasi yenyewe. Vikirudi, vinabana springi kubwa iliyozungushwa kwenye bomba la risasi.

Vikifika mwisho, komeo linashikwa na kubaki nyuma. Mtutu peke yake unasukumwa mbele na ile springi. Hapo ganda tupu linaachwa nje ya mtutu, nalo linarushwa upande wa kulia. Kisha risasi mpya inatoka kwenye bomba na kuinuliwa. Komeo linaachiwa. Springi nyingine iliyomo ndani ya kitako cha mbao inalisukuma mbele, nalo linaingiza risasi chembani. Bunduki iko tayari.

Soma tena aya hizo mbili polepole. Ni kazi nyingi, lakini zote zinafanyika kwa muda mfupi sana.

PETE NA BREKI

Risasi hazina nguvu sawa. Mtu anayewinda ndege wadogo hutumia risasi nyepesi. Anayewinda bata mzinga au bata bukini hutumia nzito. Risasi nyepesi inarudisha mtutu kidogo. Nzito inaurudisha kwa kishindo. Bunduki moja itawezaje kutumia zote mbili?

Browning aliweka breki. Kwenye lile bomba la risasi kuna kipande cha shaba kilichopasuliwa, kinachozunguka bomba. Mtutu ukirudi, kipande hicho kinabanwa na kulikamata bomba. Mtutu unapunguza mwendo. Mwenye baiskeli atanielewa: mpira wa breki ukibana ringi, gurudumu linapunguza mwendo.

Pamoja na breki hiyo kuna pete ya chuma. Upande mmoja wa pete ni bapa. Upande wa pili, kwa ndani, umekatwa mshazari. Pete hii ndiyo inayoamua breki ishike kwa nguvu gani.

Ukitumia risasi nzito, pete inakaa mbele ya springi, na upande wake wa mshazari unaielekea breki. Breki inabanwa pande zote mbili, mbele na nyuma. Inashika sana. Ukitumia risasi nyepesi, unaiondoa pete pale. Unaiweka nyuma kabisa, kati ya springi na sanduku la mitambo. Huko haina kazi. Imewekwa tu isipotee. Breki sasa inabanwa upande mmoja, na inashika kidogo.

Ndiyo hiyo pete. Inaenea kiganjani mwa mtoto. Lakini angalia matokeo yake.

Mwenye bunduki akiiweka pete kama ya risasi nzito, kisha akapiga nyepesi, mtutu haurudi wa kutosha. Ganda linanasa mlangoni. Anaudhika, lakini bunduki haijaharibika.

Kosa la pili ni baya zaidi. Pete imewekwa kama ya risasi nyepesi, naye anapiga nzito. Bunduki inafanya kazi vizuri sana! Maganda yanaruka, bata wanaanguka, mtu anafurahi. Lakini ndani, kila risasi inaugongesha mtutu na komeo kwenye chuma cha nyuma. Bega linauma. Baada ya siku nyingi mbao ya mbele inapata ufa. Mwisho hata sanduku la chuma linaweza kupasuka. Mtu anasema bunduki ilikuwa mbovu, kumbe amekuwa akiipiga nyundo kwa miaka.

Mafuta nayo yana kiasi chake. Bomba likiwa kavu na lenye kutu, mtutu unakwama. Likilowa mafuta mengi, breki inateleza na haishiki. Wazoefu hupaka mafuta mepesi kidogo, kisha hufuta kwa kitambaa.

WALE WALIOIKATAA

Turudi kwa Winchester. Walimkataa Browning, halafu wakaona bunduki yake inanunuliwa kila mahali. Wakataka kutengeneza ya kwao. Lakini hati ya ubunifu iliwazuia. Inasemekana fundi wao mkuu, T. C. Johnson, alikuwa amesaidia kuiandika hati ile wakati bado wanapatana na Browning. Aliziba mianya yote. Sasa yeye mwenyewe alitakiwa atafute mwanya.

Bunduki yao ilitoka mwaka 1911. Kwenye ya Browning, komeo lina mpini mdogo ubavuni. Unauvuta kwa mkono ili kuingiza risasi ya kwanza. Mpini huo ulilindwa na hati. Kwa hiyo bunduki ya Winchester haikuwa na mpini. Badala yake walikwaruza sehemu ya mtutu ili mkono usiteleze. Mwenye bunduki alitakiwa kuushika mtutu wenyewe na kuuvuta nyuma.

Siku hizo maganda ya risasi yalikuwa ya karatasi. Karatasi ikipata unyevu huvimba. Mwindaji wa bata hushinda majini na mvuani. Risasi ilivimba na kunasa chembani. Springi ilikuwa ngumu na mikono ina baridi. Mtu afanye nini? Alisimamisha kitako ardhini, akashika mtutu kwa mikono miwili na kuusukuma chini kwa uzito wa mwili wake. Uso wake ulikuwa juu ya mdomo wa mtutu. Wengine, risasi ililipuka hapo hapo.

Wamarekani waliipa bunduki hiyo jina la mfanya wajane. Ilitengenezwa mpaka mwaka 1925, karibu 83,000 tu. Bado zipo kwenye makabati ya watu. Mafundi wengi humshauri mwenye nayo aitundike ukutani. Mimi nakubaliana nao. Hata ndani ina vipande vya kupokea kishindo ambavyo huchakaa kwa uzee, na vikichakaa kitako cha mbao hupasuka.

Isidhaniwe kwamba ile ya Browning haina hatari. Nyingi zilizotoka Ubelgiji zina kidude ubavuni kinachozuia risasi za bombani zisipande. Mtu akifungua komeo anaona chemba haina kitu. Anasema bunduki ni tupu. Bombani mna risasi nne! Na zile za mwanzo kabisa zilikuwa na kizuizi cha usalama mbele ya kifyatulio, ndani ya kile chuma kinachokizunguka. Ili kukifungua kizuizi unaingiza kidole pale pale penye kifyatulio. Baadaye walikihamishia nyuma ya kifyatulio.

MZEE MWENYE CHEMBA FUPI

Bunduki za marisaa hupimwa kwa namba, na namba zake zinachanganya. Namba 12 ni nene kuliko namba 16. Kwa nini? Ukiyeyusha ratili moja ya risasi, yaani karibu gramu 454, ukafanya goroli 12 zinazolingana, kila goroli itaenea kwenye mtutu wa namba 12. Ukifanya goroli 16 kwa ratili ile ile, kila moja itakuwa ndogo zaidi.

Namba 16 nyingi za zamani zina chemba ya milimeta 65. Risasi za siku hizi ni za milimeta 70. Inaingia bila taabu. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ile milimeta 70 ni urefu wa ganda likiisha kufunguka. Likipigwa, mdomo wake unafungukia mahali penye mtutu mwembamba. Presha inapanda kupita kiasi, na ganda linanasa likitoka. Kwa hiyo anayerithi namba 16 ya babu huipeleka kwanza kwa fundi ipimwe.

Kuna na habari ya bisibisi. Skrubu kubwa za bunduki hii zimewekewa skrubu ndogo za kuzilinda zisilegee. Asiyejua huanza na kubwa, hutumia bisibisi isiyoenea, na kuharibu vichwa vya skrubu. Fundi akiona skrubu zimechubuka anajua tayari kwamba mikono isiyojua ilishapita humo.

BATA WA ARKANSAS

Jimbo la Arkansas ni nchi ya mpunga. Kila mwaka bata wanatoka Kanada na kaskazini ya Marekani wakikimbia baridi. Wanafuata bonde la mto Mississippi. Wanashukia kwenye majaruba na misitu iliyofurika karibu na mji wa Stuttgart. Mwindaji anafika kabla ya mapambazuko. Anaelesha bata bandia majini. Anasimama kando ya mti akiwa amevaa mabuti marefu, na kupuliza kipenga chenye sauti ya bata. Mbwa anangoja kuokota. Hapo ndipo bunduki yenye nundu ilipojipatia jina.

Lakini risasi tano za haraka ziliwatia watu hofu. Mwaka 1907 jimbo la Pennsylvania lilipiga marufuku kuwinda kwa bunduki zinazojipakia. Mwaka 1913 mtaalamu wa wanyama William Hornaday aliandika kitabu akizilaumu vikali. Mwaka uliofuata njiwa wa mwisho wa aina moja iliyokuwa na mamilioni kwa mamilioni alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Ni haki kusema kwamba njiwa wale walikuwa wamekwisha porini kabla bunduki hii haijaenea. Waliwamaliza kwa nyavu na bunduki za kawaida, na kwa kukata misitu. Hata hivyo watu walijifunza kuogopa.

Ukame wa miaka ya 1930 ulikausha mabwawa, na bata wakapungua sana. Tangu mwaka 1935 sheria ya nchi nzima inataka bunduki ya kuwindia ndege wanaohama isichukue zaidi ya risasi tatu. Kwa hiyo ndani ya bomba la Auto-5 huwekwa kijiti cha mbao cha kuziba nafasi. Chombo chote kile, na sheria inatimizwa kwa kijiti!

Jambo jingine liligunduliwa matopeni. Bata humeza vijiwe vidogo ili visage chakula tumboni. Chini ya mabwawa ya kuwindia palijaa marisaa ya miaka mingi. Bata waliyameza wakidhani ni vijiwe. Risasi ni sumu. Walikonda na kufa, na tai waliokula mizoga nao wakafa. Tangu mwaka 1991 Marekani imekataza marisaa ya risasi kwa kuwinda bata na ndege wengine wa majini.

Wengi sasa hutumia marisaa ya chuma cha pua. Lakini chuma hakibonyei kama risasi. Mitutu mingi ya zamani imebanwa mdomoni ili marisaa yasitawanyike. Chuma kigumu kikipita hapo, mtutu mzee unaweza kuvimba kama nyoka aliyemeza panya. Kampuni ya Browning yenyewe inaonya kwamba mitutu ya zamani ya Ubelgiji isipigiwe marisaa ya chuma. Wenye bunduki hizo hununua marisaa ya bismathi, ambayo ni laini na si sumu kama risasi, ingawa bei yake ni kubwa.

Browning alifariki mwaka 1926, akiwa kazini kule kule Liège. Utengenezaji wa Auto-5 ulihamia Japani miaka ya 1970, na ukakoma mwaka 1998. Siku hizi inauzwa bunduki nyingine yenye nundu na jina la kufanana, lakini ndani ni mashine tofauti. Haina mtutu unaoteleza wala pete.

Zile za zamani bado zinapelekwa kwa mafundi. Mtu anakuja na bunduki ya marehemu baba yake, anasema inanasa, au inamwumiza bega. Fundi mzuri hakimbilii bisibisi. Anahakikisha kwanza chemba ni tupu na bomba ni tupu. Anamwuliza mgeni anatumia risasi gani. Kisha anafungua kofia ya mbele kwa mkono, anaishika vizuri isirushwe na springi, anatoa mbao na mtutu, na kutazama pete imekaa wapi.